Mtoto anasimama kwa kushikilia kochi: viatu sasa au nisubiri?

MamaKijana_Dom:
Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri kwa mliolea. Kijana wangu ana miezi 11. Anajivuta kwenye kochi anasimama, anatembea kwa kulizunguka, akiachia anakaa chini pwaa! Kutembea mwenyewe bado.

Mama mkwe amekuja kutoka Singida, amemletea viatu vya ngozi vinavyofunika vifundo, soli ngumu haswa. Anasema vinanyoosha miguu na mtoto atawahi kutembea, ndivyo alivyowalea wanawe wote. Jana nilimvisha. Alisimama palepale, mguu haunyanyuki, akaangua kilio. Nilipomvua tu akarudi kwenye kochi lake.

Huyu mama nampenda na sitaki aone nimedharau zawadi yake. Ila nataka kujua ukweli. Ndani tuna marumaru, nje ni mchanga na mbigili, wa Ihumwa mnaelewa. Wenzangu mlianza lini, na vya aina gani?

NesiKliniki:
Hongera mama, hatua nzuri hiyo. Kwa sasa mwache peku. Mtoto anayejifunza kutembea anashika sakafu kwa vidole, na unyayo ndio unaomwambia amesimama sawa au anaanguka. Ukifunika kwa soli ngumu umemnyima hiyo habari, ndiyo maana alisimama bila kujua afanye nini.

Viatu haviwahishi kutembea wala havinyooshi miguu. Watoto wengi wana matege kidogo mpaka miaka 2 hivi, halafu miguu inajinyoosha yenyewe. Unyayo bapa usikutishe pia: kuna mafuta pale chini, na upinde unajijenga taratibu kwa miaka kadhaa. Mlete tumwangalie ukiona matege yanazidi, au mguu mmoja umepinda kuliko mwenzake, au anachechemea. Na akifika miezi 18 bado hatembei mwenyewe, mwambie nesi siku ya chanjo ya pili ya surua na rubela, maana mtakuwa mmekuja kliniki hata hivyo.

Viatu vinaanza pale anapotoka nje kwa miguu yake, kwa sababu ya ardhi: mbigili, vipande vya chupa, mchanga wa saa saba mchana, funza. Minyoo ya safura nayo inapenya kwenye ngozi ya mguu palipo na udongo wenye kinyesi. Akianza kucheza uani hapo usimwachie peku, hata kama ni dakika mbili za kumfuata kuku.

MuuzaViatu_Karume:
Nauza viatu vya watoto vya mtumba hapa Karume, na namba 19 mpaka 21 ndizo zinazoulizwa sana na wenye watoto wa umri huo. Nisikilize dada, usinunue leo. Mguu wa mtoto unakua haraka, ukinunua kabla hajatembea utajikuta unanunua tena vikiwa bado vipya.

Siku ikifika, shika kiatu ukikunje kwa mkono mmoja. Kikunjike pale vidole vinapokunjika, siyo katikati ya unyayo. Kama wewe mtu mzima unakikunja kwa nguvu, mtoto wa kilo tisa au kumi ataweza wapi? Mbele kiwe kipana, nyuma kishike kisigino, na kiwe cha kubandika au cha kamba ili ukaze. Malapa bado kabisa, atakuwa anakunja vidole muda wote yasivuke.

Kupima sasa. Wazazi wengi wanabonyeza ncha ya kiatu, lakini mtoto akihisi kidole chako anakunja vidole vyake, unaona nafasi ipo kumbe haipo. Msimamishe juu ya karatasi, jioni, miguu yote miwili maana mara nyingi haiko sawa. Chora, kata, uje na ule mguu mkubwa. Mimi naichomeka karatasi ndani ya kiatu: ikibaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, hicho ndicho. Ikijikunja, weka chini hata kama kinapendeza. Na usinunue kikubwa eti atakikulia, atajikwaa.

Kwa mtumba angalia kisigino kwa chini. Kikiwa kimelika upande mmoja, kiache. Kimeshafuata mguu wa mtoto mwingine, wako atalazimishwa kukanyaga hivyohivyo. Mimi vya namna hiyo nawaambia wateja wazi, hata mteja akiondoka mikono mitupu. Halafu kila baada ya miezi miwili mitatu pima upya. Mtoto hasemi kinambana, ukimvua utaona alama nyekundu vidoleni.

BibiWaTanga:
Mwanangu, habari ya viatu wameshaimaliza. Mimi naongelea mkweo. Usimwambie "nesi kasema", utamuumiza. Mwombe akusindikize kliniki siku ya mzani, yeye ndiye ambebe mjukuu, na aulize mwenyewe. Nimeshaona wakwe wakirudi wakiwa walimu wa jambo lilelile walilolipinga. Ile zawadi mpige nayo mtoto picha akiwa amepakatwa na bibi yake. Bibi akiona picha ile atafurahi.

MamaKijana_Dom:
Asanteni sana jamani, na shikamoo Bibi. Jioni hii nimemchora kwenye karatasi, baba yake kamshika kwapani. Mguu wa kulia umetoka sentimita 11 na nusu, wa kushoto pungufu kidogo. Vile vya ngozi ni namba 23, kumbe alikuwa anaogelea humo ndani! Mama mwenyewe alipoona ile karatasi ndani ya kiatu akanyamaza, akaniuliza kliniki ni siku gani.

Moja tu nimesahau. Asubuhi marumaru yanakuwa ya baridi, namvisha soksi. Kuna ubaya?

NesiKliniki:
Soksi tupu kwenye marumaru zinateleza, ataanguka kisogo. Tandika mkeka au zulia pale kwenye kochi na umwache peku. Kama baridi imezidi, tafuta soksi zenye vidoti vya mpira chini.

MuuzaViatu_Karume:
Karatasi itunze dada, andika tarehe. Ukichora tena utaona mwenyewe alivyokua.