Madumu ya lita 20, mifuko ya kukunja au tangi moja: maji ya kambi kwenye jangwa la vumbi

Mbeba Mzigo (mwanzisha mada)
Wakuu, wiki mbili zijazo tunaingia jangwani kupiga kambi, sehemu ya vumbi laini lile linalotimka ukipiga hatua tu. Kabla sijatoa hela naomba mnisaidie kuchagua chombo cha maji. Nina vitatu mbele yangu: madumu magumu ya lita 20, mifuko ya plastiki ya kukunja ya lita 10, au tangi moja la lita 200 lenye koki, likae nyuma ya gari. Mimi navutwa na tangi, unajaza mara moja basi. Na ile mikoba ya mgongoni yenye mrija wa kunywea, inafaa au chupa za kawaida zinatosha?

Kivuli cha Saa Sita
Mkuu, mko wangapi? Mnalala siku ngapi? Gari gani, na linaruhusiwa kubeba kilo ngapi? Kuna kisima huko au kila tone mnaenda nalo? Joto la mchana linafika wapi? Bila hayo kila atakayekujibu atajibu kuhusu kambi yake, siyo yako.

Fundi Koki
Wakati tunasubiri majibu ya mwanzisha mada: tangi liondoe kwenye orodha. Nieleze kwa urefu maana watu wengi wanaliona rahisi.

Koki ya tangi imeshikwa na nati ya plastiki na washa ya mpira. Kwenye barabara mbovu ya vumbi gari linatetemeka saa nzima bila kupumzika, nati inalegea kidogo kidogo, washa inakaa upande. Maji yanaanza kudondoka. Tone moja kila sekunde ni kama lita 4 kwa siku, yaani maji ya kunywa ya mtu mmoja. Ikigeuka kuwa mchirizi mwembamba, unaojaza glasi kwa dakika moja, hizo ni zaidi ya lita 10 kwa saa. Na huenda usione dimbwi lolote, kwa sababu hewa ni kavu na bodi la gari lina joto: matone yanakauka upesi. Mnafika kambini, mnagonga tangi, linalia tupu.

Baya zaidi ni tangi lililobaki nusu. Maji yanakwenda mbele na nyuma kila unapofunga breki, kamba zinavutwa, maungio yanachoka. Na mtu mmoja akichovya kikombe kichafu ndani, amechafua maji ya kambi nzima kwa siku zote zilizobaki. Ukigawa maji kwenye vyombo 10, ajali moja inakula sehemu moja kati ya 10. Hiyo ndiyo sababu ya madumu, wala siyo ugumu wake.

Mbeba Mzigo
Samahani wakuu. Tuko watu 5, usiku 4, kwa hiyo siku 5. Pikapu moja ya milango minne. Kisima hakuna kabisa. Mchana nyuzi joto 40 na kitu. Uwezo wa gari sijaangalia.

Kivuli cha Saa Sita
Sasa tunaweza kupiga hesabu. Kwa joto hilo weka lita 6 za kunywa kwa mtu kwa siku, na lita 2 za kupikia, mikono, meno na kuosha macho. Lita 8 mara watu 5 mara siku 5 ni lita 200. Ongeza akiba ya siku moja nzima, lita 40, kwa ajili ya gari kukwama au chombo kupasuka. Jumla lita 240, yaani madumu 12.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu tupu lina kama kilo moja. Hapo una kilo 252. Watu 5 wa kilo 70 ni kilo 350. Umeshavuka 600 kabla hujapakia hema, chakula, jiko, tairi la akiba na mafuta ya ziada. Nenda kasome kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva leo hii. Na usikimbilie kupanga madumu juu ya paa: uwezo wa paa mara nyingi haufiki kilo 100, na uzito ukiwa juu gari linapinduka kirahisi kwenye mchanga wa mteremko.

Mchanga Mwekundu
Lita 8 ni nyingi mno. Lita 4 kwa mtu zinatosha, watu wanabeba maji na kurudi nayo.

Kivuli cha Saa Sita
Lita 4 ni za mtu aliyekaa kivulini. Anayechimba, anayesimamisha hema au anayetembea kwenye jua hilo anaweza kutoa jasho la lita moja au zaidi kwa saa. Na kwenye hewa kavu jasho halionekani, linakauka kabla shati halijalowa, ndiyo maana watu wanadai hawatoki jasho. Kurudi na dumu mbili zimejaa hakumdhuru mtu.

Nyota ya Kusini
Hakuna anayeitetea mifuko, ngoja niitetee mimi. Ya lita 10 inanyanyuliwa na mtu yeyote bila kuumiza mgongo, inajaa kwenye mianya kati ya mizigo, na ikiisha unaikunja unapata nafasi. Madumu 12 matupu yanachukua nafasi ileile hadi mnarudi nyumbani.

Fundi Koki
Kweli dada, ila mfuko unakufia kwenye kona za mikunjo. Kila ukikunja na kukunjua palepale, plastiki inapauka na kutoboka tundu la sindano. Mchanga ukiingia kati ya mfuko na bodi la gari, unausaga safari nzima. Kama ni lazima, upakie ndani ya kreti au boksi gumu na blanketi chini, na uwe wa maji mtakayotumia siku ya kwanza. Akiba isikae kwenye mfuko.

Kwa madumu, angalia chini pana alama ya pembetatu yenye namba 2, na liwe la kuwekea chakula tangu jipya. Lililowahi kuwa na mafuta ya gari au dawa ya shamba halisafishiki. Osha kwa sabuni, suuza, kisha tia lita moja ya maji yenye kijiko kimoja cha chai cha klorini ya kufulia isiyo na manukato, tikisa ifike kila kona, subiri angalau nusu dakika, mwaga, acha likauke. Halafu lijaze, lilaze ubavu juu ya boksi kavu la karatasi usiku mzima na mdomo ukiwa upande wa chini. Asubuhi ukikuta doa la unyevu kwenye boksi, kifuniko hicho hakiaminiki.

Jambo moja dogo watu hawalioni: vumbi linajikusanya kwenye nyuzi za kifuniko. Ukikizungusha kukifungua, nusu yake inaangukia ndani na nusu inabaki kwenye nyuzi, na ukifunga tena chembe zile zinazuia mpira usikae sawa. Futa shingo ya dumu kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kufungua, kila mara.

Upepo Mkavu
Wadau mnabishana vyombo, mnasahau chumvi. Jasho linatoka na sodiamu. Mtu akinywa maji matupu kwa wingi kuliko figo zinavyoweza kuyatoa, sodiamu ya damu inashuka, maji yanaingia kwenye seli na ubongo unavimba. Dalili za mwanzo zinafanana na za kukosa maji: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu. Basi wenzake wanamwongezea maji, ndiyo wanammaliza.

Tofauti iko hapa. Aliyepungukiwa maji mkojo wake ni mchache na wa rangi iliyokolea, mdomo umekauka. Aliyezidisha maji anakojoa mara kwa mara mkojo mweupe kama maji, vidole vimevimba, pete inabana. Huyo asimamishiwe maji matupu, apewe kitu cha chumvi. Akianza kuchanganyikiwa au kutapika mfululizo, ni gari na hospitali. Kipimo cha kunywa ni kikombe kimoja, mililita 200 hadi 250, kila dakika 15 hadi 20 unapofanya kazi, na usivuke lita moja na nusu kwa saa hata ukiwa na kiu kiasi gani.

Na anayekunywa vidonge vya vitamini B asishangae mkojo wa njano kali. Hiyo ni vitamini, rangi haimwambii kitu.

Nyota ya Kusini
Kwa hiyo ORS, ile ya pakiti yenye chumvi na sukari unayochanganya na maji, kutwa nzima?

Upepo Mkavu
Hapana. Anayekula milo yake yenye chumvi anarudisha sehemu kubwa ya alichopoteza. ORS ni ya aliyefanya kazi juani kwa saa nyingi, aliyetapika, au anayeharisha. Pakiti ya fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 ina gramu 2.6 za chumvi, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitrati ya sodiamu, kwa lita moja kamili. Siyo nusu lita ili "ikolee", wala lita mbili ili idumu. Glukosi haipo kwa ajili ya ladha: ndiyo inayoivuta sodiamu kupita ukuta wa utumbo, na maji yanafuata.

Pakiti zikiisha: vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimefutwa juu, kwa lita moja ya maji safi. Chumvi ikizidi inadhuru, kwa hiyo usikadirie kwa kiganja. Wenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo wamuulize daktari wao kabla ya safari, na anayetumia dawa za kukojosha maji hivyohivyo.

Mchanga Mwekundu
Hapo nakubali. Ila vile vidonge vya chumvi vya kumeza vikavu viachwe, vinachokoza tumbo na kuleta kutapika.

Kuhusu mkoba wa mrija: mimi ni wa chupa. Kwenye vumbi kidomo cha kunyonyea kinashika uchafu na unaunyonya. Maji yaliyobaki ndani ya mrija yanapata moto kama chai. Na huoni umebakiwa na kiasi gani mpaka unanyonya hewa.

Kivuli cha Saa Sita
Mkuu, hayo yote yana dawa. Kidomo kiwe na kifuniko chake. Ukimaliza kunywa, puliza ili maji yarudi mkobani, mrija ubaki mtupu. Faida yake ni kubwa: anayetembea anakunywa kidogo kidogo bila kusimama, wakati chupa iliyo ndani ya begi hainywewi. Ila ORS na vinywaji vya sukari usiweke humo, mrija unaota ukungu. Hivyo viende kwenye chupa.

Mbeba Mzigo
Nimesoma kibandiko: kilo 750, pamoja na abiria.

Kivuli cha Saa Sita
Basi una kama kilo 150 za kila kitu kingine. Inabana sana. Gari la pili au punguza siku. Maji usiyaguse.

Mchanga Mwekundu
Au weka lita 6 kwa mtu na akiba ileile. Lita 150 na 40 ni lita 190, umeokoa kilo 50.

Fundi Koki
Ukifanya hivyo kazi zote ziwe kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, na turubai la kivuli lisimame kabla ya hema. Na mikono ioshwe kwa kibuyu chirizi: chupa ya lita 2 yenye tundu dogo, imening'inizwa, kamba ya kukanyaga kwa mguu, sabuni pembeni. Dawa ya mikono ya spiriti haifanyi kazi vizuri mkono ukiwa na tope la vumbi, na kuhara jangwani kunakula lita zako kuliko jua.

Upepo Mkavu
Kwa kuwa tumefika kwenye vumbi: kitambaa cha shingoni ukijifunika pua na mdomo kinazuia mchanga tu, chembe ndogo zinazoshuka mapafuni zinapita. Chukua barakoa za N95 au FFP2, angalau moja kwa mtu kwa siku, maana zinaziba. Wenye ndevu zinapitisha hewa pembeni. Ikilowa ibadilishwe. Katika majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani, Meksiko na sehemu za Amerika Kusini vumbi linabeba pia kuvu wa Coccidioides anayeshambulia mapafu, huko barakoa ni lazima unapochimba. Lenzi za machoni ziachwe nyumbani, vaeni miwani inayoziba pande zote.

Nyota ya Kusini
Na miguu? Kama ni vumbi la ziwa lililokauka, lina magadi. Linakausha ngozi mpaka kisigino kinapasuka. Kuna anayetumia siki?

Upepo Mkavu
Siki inafaa kwa sababu asidi yake inazima magadi, ambayo maji peke yake yanayaondoa polepole. Sehemu moja ya siki kwa 10 za maji, kikombe kimoja kinatosha miguu miwili kwa kitambaa. Kisha futa kwa maji matupu, kausha katikati ya vidole, paka mafuta ya mgando, vaa soksi safi ulale nazo. Kama ngozi imeshapasuka mpaka nyama inaonekana, acha siki, tumia maji na sabuni, ufunge bandeji.

Nyota ya Kusini
Ndimu inaweza kushika nafasi ya siki?

Upepo Mkavu
Inaweza, ila uioshe vizuri baadaye. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likapiga, yanaunguza na kuacha madoa meusi. Ndiyo maana nasema siki, na ifanyike jioni.