Nimemaliza Frieren nikiwa foleni Tunduma. Nitazame nini baada ya hii?

UTINGO WA KITONGA (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni utingo wa lori, njia yangu ni Dar mpaka Tunduma. Foleni ya mpakani ikikubana unaweza kulala pale siku mbili tatu, kwa hiyo napakua anime, zile katuni za Kijapani, mapema nikiwa Dar, bando likiwa na nguvu, halafu natazama kwenye simu ndani ya kabini. Safari mbili zilizopita nilikuwa na Frieren, sehemu zote 28. Nimeimaliza juzi, na tangu hapo kila ninachofungua nakifunga baada ya dakika kumi.

Kwa ambaye hajaiona: inaanzia pale ambapo nyingine huishia. Mfalme wa mashetani ameshauawa. Shujaa Himmel, kasisi Heiter, Eisen mbilikimo mwenye shoka na mchawi Frieren wanarudi mjini baada ya safari ya miaka 10. Usiku wanatazama mvua ya vimondo ambayo huonekana mara moja kila miaka 50. Frieren ni elfi, kiumbe wa hadithi anayeishi muda mrefu mno, ameshaishi zaidi ya miaka 1,000, basi anawaambia wenzake kwamba vikirudi tena atawapeleka mahali pazuri zaidi pa kuvionea. Anasema hivyo kama mtu anayeahidi kupita kesho jioni. Akaaga, akaenda zake. Anarudi miaka 50 imeshapita, na Himmel anayempokea ni mzee mfupi mwenye kipara na ndevu nyeupe. Wote wanne wanakwenda kuvitazama vile vimondo, na muda si mrefu Himmel anafariki.

Kwenye mazishi watu wananong'ona kwamba huyu mwanamke hata hasikitiki. Mara machozi yanamtoka. Anasema hajui chochote kuhusu yule mtu, alisafiri naye miaka 10 tu, alijua kabisa kwamba maisha ya binadamu ni mafupi, sasa kwa nini hakujaribu kumjua zaidi?

Hapo nilisimamisha, nikaiweka simu kifuani.

Nilifanya kazi miaka minne na dereva mmoja mzee. Kabla ya kushuka mteremko wa Kitonga alikuwa anasimamisha gari, anazunguka na nyundo anagonga tairi moja moja, anasikiliza mlio. Mimi nilikuwa nakaa kabini namsubiri. Na kila tukirudi Dar, tukifika Ruaha Mbuyuni ananunua ndoo ya vitunguu. Ndoo moja, kila safari, na anachagua mwenyewe kimoja kimoja. Miaka minne sikuwahi kumuuliza vitunguu vile ni vya nani. Amefariki mwaka jana. Msibani nikakaa karibu na mama mmoja mtu mzima, akaniambia yeye ni dada yake mkubwa, ana genge Mlandizi, na kaka yake ndiye aliyekuwa anamletea vitunguu tangu mumewe afariki. Tulikuwa tunapita Mlandizi usiku, mimi nimelala.

Kwa hiyo ilipofika ile sehemu ya pete, sikuweza kuendelea usiku ule. Zamani Himmel alimwambia Frieren achague pete dukani, akachukua yenye ua la yungiyungi bila kujua maana yake. Himmel akapiga goti akamvisha kidoleni. Ua lile maana yake ni upendo wa milele. Anakuja kuelewa mtazamaji, miaka mingi Himmel yuko kaburini, na Frieren bado anaitafuta ile pete porini kwa sababu imempotea. Hata tarehe za hadithi zinahesabiwa kutoka kwenye msiba wake: yanatokea maandishi, "miaka 28 baada ya kifo cha shujaa Himmel."

Naomba mnielekeze nyingine ya namna hii. Safari iwepo, watu wawe na umri, na isiwe ya kupiga kelele mwanzo mpaka mwisho.

MWALIMU WA JIONI

Pole sana kaka yangu. Na Mungu amrehemu mzee wako.

Mimi iliyonishika ni ya mwaka mpya. Himmel na wenzake waliwahi kwenda kutazama jua la kwanza la mwaka, Frieren akalala, hakutokea. Miaka mingi baadaye anajikongoja alfajiri na Fern, yule binti aliyelelewa na Heiter baada ya vita kumwachia uyatima. Jua linachomoza, na Frieren moyoni anaona ni jua tu, halikustahili kumwamsha saa ile. Anageuka, anamwona Fern anatabasamu. Basi, furaha yake inatokea pale. Nina wanafunzi arobaini na zaidi darasani, na tangu siku ile nimeanza kuwatazama wao ninapowaonyesha kitu, badala ya kukitazama kitu chenyewe.

Halafu zile sanamu. Himmel alikuwa anachongesha sanamu kila kijiji, unaweza kudhani ni mtu wa kujipenda. Alipoulizwa sababu akasema huenda ni ili Frieren asije akabaki mpweke huko mbele.

Msimu wa pili umeanza kurushwa Januari 2026, kwa hiyo kama hujaugusa anza nao. Nyingine ninayokupa ni Mushishi, ya mwaka 2005, sehemu 26. Kuna mtu anaitwa Ginko, nywele nyeupe, jicho moja la kijani, anatembea kwa miguu kijiji kwa kijiji akibeba sanduku la dawa mgongoni. Anatibu watu waliopatwa na mushi, viumbe ambavyo si wanyama wala si mizimu. Kila sehemu inajitegemea, hivyo bando likikuishia katikati ya safari hupotezi uzi.

MTOTO WA MANZESE

Mkuu, nakuheshimu, ila mimi Frieren niliona inasota. Ule mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza unakula zaidi ya theluthi nzima, wahusika wapya kibao, na safari imesimama.

Lakini kuna kipande sitakisahau, cha shetani Qual. Huyu alitunga uchawi wa kuua ambao hakuna ngao wala kinga ya wakati ule iliyouzuia, Himmel na wenzake wakashindwa kumuua wakamfungia ndani ya jiwe. Anakuja kufunguka baada ya miaka 80, anarusha ule uchawi wake kwa kujiamini, na Fern, msichana tu, anaukinga. Kumbe binadamu wameusoma miaka yote 80, wakatengeneza kinga, na siku hizi unafundishwa kama uchawi wa kawaida. Hakuna mtu aliyepiga ukelele wala kupandisha nguvu za ghafla. Watu wamekaa chini wakasoma. Hiyo niliipenda sana.

Wewe nenda Vinland Saga, na usiruke msimu wa kwanza hata kama ni damu tupu. Unamhitaji Thorfinn akiwa mtoto anayezunguka na jeshi la muuaji wa baba yake ili apate siku ya kumuua. Msimu wa pili, wa mwaka 2023, ni mtumwa shambani Denmark. Stelingi mzima anang'oa visiki na mwenzake Einar, wanalima ngano ili wajinunue. Wengi walilalamika kwamba mapigano yameisha. Mimi nasema ndipo hadithi ilipoanza. Kuna siku anakubali kupigwa ngumi 100 bila kurudisha hata moja, ili tu aruhusiwe kuongea na mfalme.

UTINGO WA KITONGA

Nimerudi wakuu, wiki tatu zimepita. Asanteni mno.

Mwalimu, Mushishi naitazama moja moja kila usiku kabla ya kulala. Ile ya binti aliyefungiwa ghalani gizani kwa sababu mwanga unamuumiza macho nimeirudia mara mbili.

Manzese, kuhusu ule mtihani sikubaliani na wewe, tutaongea siku nyingine. Vinland nimeshaingia msimu wa pili. Juzi tumelala Makambako, nikawa natazama pale wanapohangaika na visiki, dereva niliye naye sasa akachungulia. Ni mtu wa maneno machache, tuna miezi mitano pamoja. Akaangalia kidogo akasema, "Hawa watachoka bure, kisiki unachimba pembeni kwanza, unakata mizizi ya kando, ndiyo unavuta."

Nikazima simu, nikamuuliza alijifunzia wapi. Akaniambia Kilombero, shamba la babu yake, alikuwa na miaka tisa. Alianza na habari za visiki, akaja kwa huyo babu, akaja kwa mdogo wake aliyechukuliwa na mto. Saa saba usiku bado tunaongea.