Usiku Gyan alipogonga mwamba, ulikuwa wapi? Tupeane uzoefu

MtuWaNgamiani
Wadau, habari za jioni. Jana kijana wangu kaniletea simu: "Baba, huyu analia nini?" Kutazama, Asamoah Gyan, mshambuliaji wa Ghana, jezi namba 3, mikono kichwani. Tumbo likanikata kama ni leo. Ijumaa ya tarehe 2 Julai 2010, Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia kule Afrika Kusini. Nilikuwa kibanda umiza cha pale Ngamiani, kiingilio mia tano, tumebanana hadi magoti ya wa nyuma yanakuchoma mgongoni. Muntari alipofunga lile la mbali kabla ya mapumziko, muuza kahawa akagawa vikombe bure. Forlan wa Uruguay akarudisha kwa faulo. Hayo mengine mnayajua. Nyinyi mlikuwa wapi?

Binti_Mtwara
Usinikumbushe. Sikula hadi Jumapili.

KakaMajengo
Kwetu umeme ulikatika refa akiwa ameshaonyesha penalti. Mtaa wa pili walikuwa na jenereta, tukatoka nje kutega sikio. Kimya. Nikajua.

MpandaTreni
Mimi nilikuwa ndani ya uwanja, Soccer City. Wakati huo nafanya kazi Johannesburg, tiketi nilimlipa jamaa kwa mafungu mawili. Watu 84,017. Bafana Bafana, timu ya Afrika Kusini, walikuwa wametoka kwenye makundi, kwa hiyo wenyeji wote wakawa Ghana, wakawabatiza BaGhana BaGhana. Vuvuzela tangu mchana, unaongea na mwenzako kwa vidole. Dakika ya 120, Adiyiah wa Ghana anapiga kichwa, Suárez wa Uruguay anauzuia kwa mikono mstarini kama kipa. Kadi nyekundu, penalti. Watu wakaanza kukumbatiana na wasiowajua, maana Gyan alishafunga penalti mbili mashindano yale, Serbia na Australia. Mpira ukagonga mtambaa panya ukapaa. Zile vuvuzela zikakata kwa pamoja. Nilimsikia mama wa nyuma yangu akifunga zipu ya mkoba wake. Uwanja mzima ule, na mimi nasikia zipu.

Shabiki_Sugu
Suárez ni mwizi, nitasema hadi naingia kaburini. Goli lilikuwa goli.

RefaMstaafu
Ndugu, sheria ilifuatwa. Mkono, nyekundu, penalti. Ungekuwa wewe mstarini, dakika ya mwisho, nchi yako inatoka, ungeuacha upite?

Shabiki_Sugu
Ningeuacha. Nimelelewa.

RefaMstaafu
Basi usingecheza robo fainali.

FowadiWaZamani
Mniwie radhi, yangu ni ndefu, na sijawahi kuisimulia.

Nilikuwa fowadi wa timu ya kijiji, upande wa Korogwe. Msimu ule nilikuwa nimefunga sana, na mtu kutoka mjini alishanitaka niende majaribio. Ule usiku niliutazama bandani. Gyan alipokosa sikuvumilia, nikatoka, nikatembea gizani hadi nyumbani.

Jumapili yake tukacheza fainali yetu, zawadi ng'ombe. Moja moja, tukaenda matuta. Mimi nikawekwa wa tano. Alama ya chokaa ilishafutika, refa akaichora upya kwa kisigino. Nikauweka mpira, nikainua macho, na nawaapia sikumwona kipa. Niliona mwamba tu. Mti wa mkaratusi, umepinda katikati, umefungwa kamba ya katani kwenye nguzo. Nikaupiga palepale nilipokuwa naangalia.

Hakuna aliyenitukana. Kaka yangu, aliyenilea na kuninunulia viatu kwa kuuza machungwa, aliondoka uwanjani bila kunisubiri. Majaribio sikwenda. Viatu nikampa mtoto wa jirani.

Miaka miwili baadaye nikaja kuiona mechi ile yote. Nilichokiona kilinikalisha chini: matuta yalipoanza, mpigaji wa kwanza wa Ghana alikuwa Gyan yuleyule. Dakika chache tu baada ya kukosa! Akaupiga juu, nyavuni. Walikosa Mensah na Adiyiah, Ghana ikatoka 4-2, lakini yeye alirudi akapiga. Mimi nilikuwa njiani gizani. Laiti ningekaa.

Binti_Mtwara
Kaka pole. Nimesoma mara mbili.

KakaMajengo
Daah.

DerevaAlAin
Fowadi, mimi nilikuwa Emirates wakati Gyan yuko klabu ya Al Ain ya huko. Nimemwona kwa macho yangu. Misimu yake mitatu ya kwanza alifunga 22, 31, kisha 29, mfungaji bora wa ligi mara tatu mfululizo. Mtu aliyekufa moyo hafungi hivyo. Tafuta timu ya maveterani, anza upya.

Shabiki_Sugu
Al Ain ndiyo iliyomzika. Sunderland ya Uingereza walivunja rekodi yao ya usajili kumtoa Rennes ya Ufaransa, msimu mmoja tu akakimbilia hela.

DerevaAlAin
Ulitaka ale makofi ya mashabiki? Ana ukoo wa kulisha. Na magoli 51 kaifungia Ghana. Kwa yale 6 ya Kombe la Dunia, Mwafrika gani amempita?

MamaWawili
Fowadi asirudi kwenye penalti. Gyan alikosa tena 2012 dhidi ya Zambia, nusu fainali ya Afrika, na mama yake akamwambia aache kuzipiga. Neno la mzazi.

RefaMstaafu
Na fainali ya 2015 akatolewa kabla ya matuta, Ghana ikafungwa 9-8 na Ivory Coast. Apige tu!

MpandaTreni
Mambo ya penalti yaacheni. Fowadi, kaka yako yupo?

FowadiWaZamani
Yupo, Handeni. Huwa tunaongea, mazishi, mahindi, watoto. Hili hatujaligusa. Saa hizi yuko shamba, nitampigia baada ya magharibi.

MvuviKigoma
Nimechelewa kuuona uzi. Mimi nilikuwa ziwani, tunavua dagaa, redio imening'inizwa kwenye nguzo ya karabai. Mtangazaji alipopiga ukelele, wenzangu wa upande wa pili wakaachia wavu. Dagaa wote wakarudi majini, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.