Mhadhara hauna watu, usiku wa utamaduni unafurika: nipange vipi ratiba ya muhula ujao?

Katibu_Mpya

Wakuu, habari zenu. Nimechaguliwa juzijuzi kuwa katibu wa shughuli katika serikali ya wanafunzi chuoni kwetu, na mwisho wa mwezi huu natakiwa nifikishe ratiba ya muhula ujao kwa mshauri wa wanafunzi. Vilivyo mezani ni mihadhara mitatu ya wazi, mdahalo wa vitivo, usiku wa utamaduni, siku ya klabu kujitangaza kwa mwaka wa kwanza, kuchangia damu na bonanza la michezo.

Kinachoninyima usingizi ni hiyo mihadhara. Muhula uliopita alikuja mhadhiri mstaafu, mtu aliyebobea kwelikweli, akazungumza na safu mbili za mbele, viti vingine vyote vitupu. Wiki hiyohiyo usiku wa utamaduni watu walisimama hadi mlangoni. Matangazo yalibandikwa kila ubao, na kwenye makundi ya WhatsApp yalitumwa asubuhi na jioni. Wapo wanaonishauri niifute mihadhara, niongeze burudani. Mimi sitaki. Waliowahi kushika nafasi hii, mlifanyaje?

Safu_ya_Nyuma

Angalia saa kwanza. Mhadhara wa Ijumaa saa 10 jioni, nusu ya watu wako njiani kwenda nyumbani, na nusu wamechoka. Jumatano jioni kwetu ndiyo inakubali. Na usiweke chochote wiki ya majaribio ya katikati ya muhula. Waombe viongozi wa madarasa tarehe zao kabla hujaandika hata mstari mmoja.

DadaWaUkumbi

Mdogo wangu, hongera kwa kuaminiwa. Nilishika nafasi hiyohiyo nikiwa mwanafunzi, na sasa shughuli za wanafunzi ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu kidogo.

Usiifute mihadhara. Jiulize kwanza kwa nini usiku wa utamaduni unajaa. Kila mcheza ngoma ana wenzake wa bwenini waliomwona akifanya mazoezi, kila anayeimba kwaya ana darasa zima linalotaka kumwona jukwaani. Shughuli ile ina wenyewe. Kwenye mhadhara, mwenye kazi ni mmoja tu, naye ni mgeni. Wengine wote wameitwa waje kukaa kimya. Tangazo, hata ulibandike mara ngapi, halitoi mtu kitandani kama hana lake pale ukumbini.

Kwa hiyo gawa kazi. Anayemtambulisha mgeni awe mwanafunzi, na asisome wasifu wa kurasa mbili. Aseme mambo matatu kuhusu mgeni yanayohusiana na mada ya siku hiyo. Tafuta wanafunzi wawili wa vitivo tofauti wawe wachangiaji wa kwanza, wapewe muhtasari wa mada wiki moja kabla ili waje na hoja zilizoiva. Klabu ya ushairi ipewe dakika tano za kufungua. Klabu ya habari irekodi. Hapo tayari una watu wengi ambao kila mmoja atakuja na wenzake, na watakuja kwa sababu mwenzao anasimama mbele.

Pili, maswali. Hapa ndipo mihadhara mingi hufia. Mgeni anaongea saa moja na nusu, zinabaki dakika kumi, wananyanyua mikono walewale wa kila siku. Mimi hugawa muda sawasawa: dakika 40 za mgeni, dakika 40 za ukumbi. Mlangoni kila anayeingia anapewa kipande cha karatasi, robo ya A4 inatosha, na penseli. Mgeni akimaliza, kikapu kinapitishwa, msimamizi anasoma. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hanyanyui mkono mbele ya profesa, lakini ataandika. Jioni moja mada ilikuwa historia ya elimu ya juu, nikachomoa karatasi yenye mstari mmoja, mwandiko mdogo uliobanwa pembeni: "Je, zamani hizo mama yangu angepokelewa hapa?" Mgeni aliacha karatasi zake mezani, akasogea hadi safu ya kwanza, akaeleza kwa utulivu nani waliruhusiwa na nani walizuiwa, na mlango ulifunguliwa na nani. Ukumbi ulinyamaza. Swali lile lisingeulizwa kwa mdomo kamwe.

Tatu, funga mhadhara pamoja na utamaduni badala ya kuviacha vishindane. Tarehe zipo, nazo zina wanafunzi ndani yake. Tarehe 21 Februari ni Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama. UNESCO iliitangaza mwaka 1999, lakini chanzo chake ni Dhaka, leo mji mkuu wa Bangladesh, wakati huo ikiwa sehemu ya Pakistan, mwaka 1952, wanafunzi walipoandamana wakitaka Kibengali kiwe lugha rasmi nchini Pakistan, polisi wakawafyatulia risasi. Ilipofika mwaka 1956, katiba ilikitambua. Weka mhadhara saa 11 jioni juu ya kisa hicho, kisha saa 1 usiku jukwaa lifunguliwe kwa mashairi na nyimbo za lugha zote zinazozungumzwa chuoni. Aliyekuja kwa ajili ya ngoma atawahi nafasi, na aliyesikia mhadhara ataisikiliza ngoma kwa sikio jingine.

Muhula wenu ukiangukia mwisho wa mwaka, ipo tarehe 17 Novemba, Siku ya Kimataifa ya Wanafunzi. Mwaka 1939 Wanazi walivamia vyuo vikuu vya Prague, wakawaua watu tisa, wakawapeleka wanafunzi zaidi ya elfu moja kwenye kambi ya mateso ya Sachsenhausen, Ujerumani, na kuvifunga vyuo vyote vya Kicheki. Siku hiyo inafaa sana kwa mdahalo wa vitivo. Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, vyuo vingi huwa likizo. Iadhimisheni muhula ukiwa unaendelea badala ya kuiacha ipite.

Muuguzi_Mtarajiwa

Niongezee kwenye damu, maana wengi huipachika popote. Usiiweke siku moja na bonanza: aliyetoa damu hatakiwi kufanya mazoezi mazito siku hiyo. Iweke wiki za mwanzo wa muhula, watu wakiwa wanakula na kulala vizuri, si wiki ya mitihani. Mfuko mmoja ni kama mililita 450, na chembe nyekundu zikihifadhiwa kwa baridi hazizidi siku 42, ndiyo maana kuchangia mara moja kwa mwaka kwa kishindo hakusaidii kama kuchangia kwa awamu. Mwanaume anaweza kurudia baada ya wiki 12, mwanamke wiki 16. Panga awamu ya pili kwa hesabu hiyo, na mtangaze mapema kwamba mtoaji awe amefika miaka 18 na kilo 50.

Katibu_Mpya

Nashukuru sana, nimenakili kila kitu. Dada, hapa kwetu itifaki ni nzito. Mgeni rasmi, kisha mlezi wa klabu, kisha rais wa serikali ya wanafunzi, kila mmoja na hotuba. Mzungumzaji mkuu anapanda watu wameshaanza kuchungulia simu.

DadaWaUkumbi

Kamwone mshauri wa wanafunzi mapema, umwombe salamu zote zitolewe na mtu mmoja kwa niaba ya wote, dakika tatu. Wengine watambuliwe kwa kusimama. Ukimweleza kwa heshima, ukimwonyesha ratiba ya dakika kwa dakika, atakuelewa. Viongozi wengi nao hawapendi kuketi kwenye shughuli inayojikokota.

Na jambo moja ambalo huumiza wengi: usinakili ratiba ya mwaka jana. Ramadhani hurudi nyuma karibu siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usiku wa utamaduni uliokaa vizuri mwaka jana unaweza safari hii kugonga saa ya kufuturu. Pasaka nayo huhama. Fungua kalenda kabla ya kuweka nafasi ya ukumbi.

Safu_ya_Nyuma

Siku ya klabu iwe wiki ya kwanza, tafadhali. Ikichelewa, mwaka wa kwanza wanakuwa wameshajipangia jioni zao.

Katibu_Mpya

Nimeshaiweka wiki ya kwanza. Damu wiki ya tatu, bonanza wiki ya tano, na mhadhara wa lugha unafungua usiku wa utamaduni tarehe 21 Februari. Klabu ya ushairi wamekubali leo mchana. Swali la mwisho, dada: zile karatasi za maswali, msimamizi azichuje au azisome zote?

DadaWaUkumbi

Azipitie haraka, zinazofanana aziunganishe, za matusi aziweke kando. Swali gumu asilikwepe hata kama linamgusa mkubwa aliyekaa mbele. Zitakazobaki mpe mgeni aondoke nazo, umwombe ajibu kwa maandishi, kisha majibu uyabandike kwenye ubao uleule mlioweka tangazo.