Mawakala wa minada ya magari Japani: dau langu la juu siyo bei yenu!

Wakuu, nimeandika uzi huu nikiwa na hasira na sitajaribu kuificha.

"Dada, si wewe mwenyewe ulikubali 420,000?"

Hilo ndilo jibu nililopewa nilipomwuliza wakala wangu kwa nini gari lililouzwa mnadani kwa yeni 291,000 mimi nimelilipia yeni 420,000. Hakukana. Hakusema nimesoma vibaya. Alisema nilikubali.

Nauza vitenge Kariakoo. Mwaka jana nilikusanya fedha za kikoba na akiba yangu ya miaka mitatu, nikaamua kuagiza Toyota IST ya kubebea mzigo. Bei za yadi za hapa mjini zilinishinda. Watu wakaniambia njia nafuu ni mnada: wakala ana akaunti kwenye minada ya Japani, unachagua gari kwenye tovuti yake, unaweka amana, unamtajia dau lako la juu kabisa, yeye anaingia kukupigania. Likipatikana unalipa bei ya gari, usafiri wa meli na komisheni yake. Ya huyu wangu ilikuwa yeni 60,000, nikaikubali bila kuomba punguzo hata senti. Mtu akifanya kazi alipwe.

Kwa wasiojua minada hii inavyokwenda, siyo soko ambalo mimi na wewe tunaweza kujiingilia. Ni ya wafanyabiashara wanachama. Kampuni kubwa kuliko zote, USS, ina ukumbi wake mkubwa Noda, jirani na Tokyo, na magari hupita kwenye skrini moja baada ya jingine, kila moja likichukua muda usiofika hata dakika. Wanunuzi wanabonyeza kitufe, waliokaa ukumbini na walio mtandaoni, na kila mbonyezo unapandisha bei kwa hatua ndogo. Watu wakiacha kubonyeza, gari limekwenda. Aliyebaki wa mwisho analipa pale bei iliposimama. Narudia kwa sababu ugomvi wote uko hapa: analipa pale bei iliposimama, siyo pale alipokuwa tayari kufika.

Kwa hiyo dau la juu siyo bei. Ni siri yangu ninayomkabidhi mtu anisaidie kuilinda. Angalieni eBay, mnada wa mtandaoni, ambao wako kwenye kazi hii tangu 1995. Ukiandika dau la dola 300 na anayekufuata akaishia 210, mfumo unakutoza 210 na nyongeza ya hatua moja. Ile 300 yako haionwi na mnunuzi mwenzako wala muuzaji. Ndiyo maana unaweza kuandika kiasi chote ambacho kitu kina thamani kwako ukalala usingizi. Mchumi William Vickrey alieleza mwaka 1961 kwamba mshindi akilipa dau la yule wa pili, kila mtu ana sababu ya kusema ukweli wa moyo wake. Mwaka 1996 alipewa Nobeli ya uchumi. Sasa kwa mawakala wetu siri hiyo haitunzwi na kompyuta. Inatunzwa na mtu ambaye kila yeni inayobaki kati ya bei halisi na dau lako anaweza kuiingiza mfukoni, na wewe uko Dar huna dirisha la kuchungulia.

Meseji yake ya siku ile bado ninayo: "Hongera dada, tumeshinda!!! 420,000. Walitubana sana, tumewapiga sekunde ya mwisho."

Sekunde ya mwisho ipi? Kwenye eBay ndiko kuna saa ya kufunga, na watu huvizia mpaka zibaki sekunde chache ndipo watupe dau. Mnada wa magari hauna saa ya namna hiyo. Unafungwa watu wakinyamaza. Ningelijua hilo siku ile ningeshtuka palepale. Badala yake niliwapigia ndugu simu nikifurahi, na mdogo wangu na jirani yangu wa dukani nao wakaagiza kwa wakala huyohuyo kwa sababu mimi nilimsifu. Hilo linaniuma kuliko fedha yangu.

Mdogo wangu alitaja dau la juu 500,000. Akapata kwa 500,000. Jirani alitaja 350,000. Akapata kwa 350,000. Watu watatu, magari matatu, wiki tofauti, na mara zote tatu mpinzani wetu eti aliishiwa pumzi pale hasa tulipoishiwa sisi. Wakuu, mara moja inawezekana. Mara tatu, hapana.

Gari lilipofika nililipa ushuru, nikalitoa bandarini, nikalipeleka moja kwa moja kwa fundi wangu Tabata. Alifungua boneti, akapitisha kucha juu ya bolti zinazoshika fenda ya kulia. Pembe za bolti zilikuwa zimechubuka rangi, spana imeshapita hapo. Akanivuta upande wa kushoto: bolti zote nzima, zimefunikwa rangi ya kiwandani. "Dada, fenda hii haikuzaliwa na gari hili." Akamulika tochi chini zaidi, kwenye bomba la mbele la bodi, akanionyesha mstari wa kuchomelea uliopinda kama umeshonwa gizani. Nilisimama pale mkono mmoja kwenye boneti, sikuwa na la kusema.

Na mimi nilikuwa na karatasi ya mnada, ile ambayo mkaguzi huandika hali ya gari! Angalau ndivyo nilivyodhani. Wakala alinitumia ukurasa uliochapwa kwa Kiingereza, daraja la 4, yaani hali nzuri, haijawahi kupata ajali. Nikamtumia shemeji yangu anayefanya kazi kwenye yadi ya magari huko Nagoya, Japani. Akacheka kidogo, halafu akanyamaza, akaniambia hiyo siyo karatasi ya mnada, hiyo ni karatasi ya wakala. Akamwomba mwenzake ambaye ni mwanachama atafute kwa namba ya chesesi. Jioni ileile akanitumia picha ya karatasi yenyewe.

Karatasi halisi imejaa mwandiko wa mkono wa mkaguzi, kwa Kijapani. Pembeni kuna mchoro wa gari lililofunuliwa bapa kama ng'onda, na juu yake herufi. A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali paliponyooshwa na kupigwa rangi, X ni kitu cha kubadilishwa, XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata herufi inaeleza ukubwa wa tatizo. Kwenye fenda yangu ya kulia kuna XX. Kwenye mlango wa mbele kuna W3. Na kwenye kisanduku cha daraja hakuna 4. Kuna R, yaani gari lililoumia kwenye mifupa likatengenezwa. Mwaka umeandikwa 20, na msije mkadanganywa kwamba ni 2020. Ni mwaka wa 20 wa enzi ya Heisei kwa hesabu ya Wajapani, yaani 2008. Chini ya picha hiyo shemeji aliniwekea bei iliyofungia: 291,000.

Tofauti ni yeni 129,000. Ni kama shilingi milioni mbili, mbali na komisheni niliyomlipa kwa moyo mweupe. Na kama ningeiona ile R, hata hizo 291,000 nisingetoa.

Wapo watakaosema wakala naye anatafuta riziki. Sawa, atafute. Aseme basi kwamba ananunua gari kwa fedha yake na kuniuzia kwa bei yake, kama yadi zinavyofanya, nami nitaamua nikiwa na macho yangu mawili. Lakini ukisema unaniwakilisha mnadani na unanitoza komisheni kwa uwakilishi huo, halafu unaniuzia siri yangu mwenyewe, huo ni wizi. Sitautafutia jina laini.

Mkuu ukiwa unajiandaa kuagiza wiki hii, usitume amana kabla hujakubaliwa kwa maandishi vitu viwili: karatasi halisi ya Kijapani kabla ya dau, na taarifa ya bei ya mnada baada ya ushindi. Siyo invoisi ya wakala, bei ya mnada. Komisheni iwe kiasi kamili kinachojulikana. Karatasi mtafutie mtu wa kuisoma, hata herufi zile tu, zinajifunzwa jioni moja. Dau lako lisiwe namba ya mviringo; taja 403,000 kuliko 400,000, maana wengi husimama kwenye mviringo na hatua moja ndogo juu yake inaweza kukupa gari. Na mkubali kushindwa. Minada mingi hufanyika kila wiki, gari la aina yako litarudi, na yale yasiyofika bei ya chini ya muuzaji huletwa tena. Wakala asiyewahi kukuambia "tumekosa" ndiye wa kumwogopa. Mimi wangu alishinda mara ya kwanza tu, nikaona nimebarikiwa.

Jina la kampuni silitaji hapa kwa sasa, msinilazimishe. Shauri liko kwa mwanasheria na picha zote nimempa.

NYONGEZA: Kuna mkuu ameuliza hapo chini kama nimempa wakala nafasi ya kujieleza. Nimempa. Baada ya lile jibu la "ulikubali mwenyewe" nilimtumia maswali matatu: gari lilifungia bei gani, tofauti imekwenda wapi, na nani alichapa lile daraja la 4. Leo ni siku ya kumi na moja. Tiki mbili za bluu zipo. Jana ameweka kwenye status yake picha ya IST nyingine nyeupe, "daraja la 4, safi kabisa, weka dau lako la juu".

Kama umeagiza kwa njia hii na bei ikaangukia palepale kwenye dau lako la juu, andika hapa mwezi, aina ya gari na kiasi. Namba ya chesesi nitumie inbox, shemeji amekubali kuwatafutia karatasi zenu.