Betri gani ya kulisha kamera ya kupoozwa usiku kucha Magadi?

Kilimia_254: Wakuu, salaam. Nimepata ASI533MC Pro ya mtumba, kamera ya kupigia picha nyota yenye kipoozi cha sensa. Nyumbani ipo soketi, sina neno. Kasheshe ni porini. Juzi mwezi haujaandama nikaenda Magadi, kule joto kusini mwa Kenya, na betri ya gari ya asidi, 70Ah, si mpya. Saa saba usiku kipoozi kiko asilimia 100 na bado sensa inapanda, kutoka nyuzi -5 hadi 2. Picha zikajaa chengachenga. Napima betri: volti 12.1. Sasa nichague lipi: asidi nyingine, lithiamu ya sola (LiFePO4) 50Ah, au boksi la umeme lenye inveta ndani? Mzigo wote na mota ya kuzungusha darubini, kompyuta ndogo na hita ya kuzuia umande kwenye lenzi ni kama wati 45.

MzeeWaDarubini: Asidi. Kila mji una fundi wake.

FundiSola: Shikamoo mzee, lakini hapo hapana. Asidi ukiishusha chini ya nusu unaiua mapema, kwa hiyo 70Ah ni 35Ah za kweli, tena ikiwa mpya. Na volti zinashuka usiku mzima. LiFePO4 inakaa karibu na 13 mpaka mwishoni. 50Ah ni kama 640Wh, ukitumia asilimia 80 unapata saa 11. Unaibeba kwa mkono mmoja.
Kilimia, waya wako ni upi?

Kilimia_254: Mita tatu, ule mwembamba wa spika. 0.5mm.

FundiSola: Ndiyo hiyo! Kwenda na kurudi ni mita sita, omu 0.2. Ampea 4 zikipita zinakula volti 0.8. Betri inasema 12.1, kipoozi kinapata 11.3. Weka 2.5mm, upotevu hauzidi 0.2. Na fyuzi karibu na betri, tafadhali.

BintiDodoma: Mimi nina boksi la 512Wh. Mwanzoni nilichomeka adapta ya kamera kwenye soketi yake ya 230: umeme unapandishwa, halafu adapta inaushusha tena kuwa 12. Ni kutoka Dodoma kwenda Moro kupitia Mwanza. Nikahamia tundu la 12V, sasa alfajiri inanikuta na akiba. Ila jaribu kwanza nyumbani. Langu la zamani lilijizima lenyewe kila likiona mzigo mdogo.

Halafu kaka, -5 Magadi? Kamera hiyo inashusha nyuzi 35 chini ya hewa. Kukiwa na 30 usiku umeigusa dari, hakuna betri itakayokuokoa. Weka 0. Hiyo sensa haina makuu.

MzeeWaDarubini: Na umande wa nini Magadi? Zima hita.

Kilimia_254: 😂 Marahaba yenu nyote. Leo nimepita mtaa wa Luthuli, Nairobi, kuchukua waya wa 2.5. Lithiamu mwisho wa mwezi, boksi naliacha. Swali moja: fremu za giza (picha za kifuniko kimefungwa, za kuondolea chengachenga) nilizopiga kwa -5 ndiyo basi?

BintiDodoma: Kwa picha za 0, ndiyo basi. Piga nyingine kwa 0, muda na geini (kiwango cha kukuza mawimbi ya sensa) zilezile. Huna haja ya Magadi, zipige jikoni kifuniko kikiwa kimefungwa.