Orlando, Paris au Abu Dhabi: chakula, huduma na vinavyojengwa

Mwana wa Loleza (Mbeya)
Ndugu wanajamvi, familia yetu imejiwekea akiba kwa ajili ya safari moja kubwa ya watoto, na sasa tumebakiwa na machaguo matatu ya bustani za burudani: Walt Disney World ya Orlando, Florida (Marekani), Disneyland Paris, na kisiwa cha Yas huko Abu Dhabi. Nauli za ndege na viingilio nimekwisha kuvipata, pamoja na masharti ya viza, kwa hiyo naomba tusivirudie hapa. Ninachotafuta ni ulinganisho wa yale ambayo vipeperushi haviyasemi: mtu anakula nini na kwa utaratibu gani, anahudumiwaje, na kama kuna kinachojengwa ambacho kingetufanya tusubiri. Tutakuwa watu sita, akiwemo mama mkwe wangu, ambaye hali nguruwe wala kitu chochote chenye pombe.

Mtu wa Kihesa (Iringa)
Kwa upande wa chakula naipa Orlando nafasi ya kwanza, hasa hoteli ya Animal Kingdom Lodge iliyofunguliwa mwaka 2001. Mgahawa wake wa Boma ni wa kujipakulia, una supu, nyama za kuchoma na mboga zenye asili ya sehemu mbalimbali za Afrika, na mtoto anayechagua chakula hakosi cha kushika. Sanaa, ulio katika jengo la Kidani Village, unajulikana kwa sahani ya mikate ya aina tano inayoletwa na michuzi na chachandu tisa za kuchovya, huku madirisha yakitazama uwanda wenye twiga na pundamilia. Sisi wenye Ruaha mlangoni tunaweza kucheka kwamba mtu avuke bahari kwenda kuona twiga Florida, lakini mikate ile inastahili safari.

Mama mkwe aonywe jambo moja. Pale Boma kuna kitindamlo maarufu chenye michirizi ya pundamilia, kidogo na cha mviringo, ambacho watoto hukikimbilia. Ndani yake kuna krimu ya kahawa iliyotiwa Amarula, na Amarula ni pombe.

Uhifadhi wa meza hufunguliwa siku 60 kabla, na anayelala katika hoteli za Disney huruhusiwa, siku hiyo ya 60 kabla ya kuwasili kwake, kushika nafasi za hadi siku 10 za ukaaji wake kwa mkupuo mmoja. Mfumo hufunguka saa 12 asubuhi ya Florida, ambayo kwetu ni saa 7 mchana wakati wa kiangazi chao na saa 8 mchana wakati wa baridi yao. Kwa hiyo sisi tunashindania meza tukiwa macho kabisa, wakati wao wanatolewa usingizini.

Mama Uyole
Mimi naendesha mgahawa, kwa hiyo jicho langu huenda kwenye bili kabla ya sahani. Hapa kwetu mteja amezoea kwamba bei anayoiona ndiyo anayolipa, VAT ikiwa imo ndani. Marekani sivyo: kodi huongezwa mwishoni, na katika wilaya ya Orange, ambako sehemu kubwa ya Disney imo, ni asilimia 6.5. Juu yake kuna bakshishi, na kwa kundi la watu sita au zaidi migahawa ya Disney yenye wahudumu wa mezani huongeza asilimia 18 yenyewe bila kuuliza. Ninyi ni sita kamili. Chakula cha dola 300 kitaondoka na dola 373 na senti 50, na hapo hamjanunua hata maji. Ufaransa, bei ya kwenye menyu tayari imebeba kodi na huduma, na hilo peke yake lingenifanya niitazame Paris mara mbili.

Hata hivyo, Disney ya Orlando inaruhusu wageni kuingia na chakula chao, mradi hakuna chupa za kioo wala pombe. Siku mbili tatu za mikate na matunda ya dukani zitalipia usiku mmoja wa Boma.

Njombe Baridi
Shikamoo, Mama Uyole. Naongezea upande wa vinavyojengwa. Orlando iko katikati ya ujenzi: mto wa Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney huko, pamoja na kisiwa chake vilifungwa Julai 2025 ili kupisha eneo la magari ya filamu ya Cars, na eneo la madinosaria la bustani ya Animal Kingdom linageuzwa kuwa la nchi za joto za Amerika, likitarajiwa mwaka 2027. Jirani na mshindani wao Universal walikwisha kufungua bustani ya Epic Universe tarehe 22 Mei 2025, kwa hiyo mwenye kiu ya kitu kipya hana haja ya kusubiri. Paris wao waliipangia bustani yao ya pili, iliyofunguliwa mwaka 2002, jina jipya la Disney Adventure World na eneo la filamu ya Frozen.

Abu Dhabi ilitangaziwa Disney yake tarehe 7 Mei 2025, kampuni ya Miral ikiwa ndiyo mjenzi, mlipaji na mwendeshaji, lakini tangazo halikuja na tarehe ya kufungua. Watoto wa Kaka Loleza watakuwa wameota ndevu.

Mchele wa Kyela
Mnaipuuza Abu Dhabi kwa sababu ya Disney ambayo haijajengwa, ilhali Yas ina Ferrari World tangu mwaka 2010 na Warner Bros. World tangu mwaka 2018, zote mbili chini ya paa na kiyoyozi. Nakiri kwamba kwa ladha haifikii Sanaa, lakini mama mkwe atakula halali bila kuhoji kila sahani, na mtu mzima aliyezoea baridi ya Mbeya hapaswi kupangishwa foleni juani Florida mwezi Julai.

Mwana wa Loleza (Mbeya)
Nashukuruni. Hoja ya mama mkwe imenielemea kuliko zote, na bili ya Mama Uyole nimeisomea familia nzima. Tukienda Yas, Mchele wa Kyela, je, ni afadhali kulala hoteli ya kisiwani penyewe au mjini?

Mchele wa Kyela
Kisiwani. Mabasi ya bure huunganisha hoteli na bustani, na bibi akichoka atarudi kulala bila ninyi wengine kukatisha siku.